Kuhamia kijiji cha bondeni kati ya milima: tujiandae kwa lipi?

Swali

Ndugu zangu, mimi na mwenzangu tumeamua kuondoka mjini na kuhamia kijiji kilicho katika bonde lililozungukwa na milima. Nyumba tumeiona mara moja tu, adhuhuri ya jua kali, nayo ilitupendeza mno. Kazi yangu nitaendelea kuifanya kwa kompyuta nikiwa nyumbani. Kabla hatujatia saini, naomba mliowahi kuishi mahali pa namna hiyo mtueleze yale ambayo mgeni huwa hayatambui mpaka awe amekwisha kuhamia.

Jibu la kwanza

Adhuhuri ndiyo saa inayodanganya kuliko zote, kwa sababu mlima wa mashariki huchelewesha jua asubuhi na ule wa magharibi hulificha mapema jioni. Mji wa Rjukan nchini Norwe, ulio katika bonde jembamba, hukosa jua kwa karibu nusu mwaka, hata mwaka 2013 ukawekewa vioo vikubwa mlimani ili vimulike uwanja wake. Bonde lenu huenda lisifikie hapo, lakini rudini asubuhi na jioni mkaangalie.

Baridi nayo ina tabia yake. Kwa kawaida joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, ila usiku usio na mawingu wala upepo mambo hugeuka: hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka kwenye miteremko na kutuama bondeni kama maji ndani ya bakuli. Hapo ndipo sakitu huunguza bustani ya chini huku ya jirani aliye juu kidogo ikisalimika, na moshi wa majiko hukwama juu ya mapaa mpaka jua lipande. Mwenye pumu alifikirie hilo kwa makini.

Jibu la pili

Kuhusu kazi yako, usiridhike kuambiwa kwamba mtandao upo kijijini. Mgongo wa mlima huziba mawimbi ya simu, hivyo nyumba moja hupata na ya pili yake ikakosa. Simama palepale utakapoweka meza, ujaribu. Setilaiti husaidia, mradi dishi lione anga bila kuzibwa na mlima.

Muulizaji

Nashukuru sana. Nyuma ya nyumba kuna kijito, na mwenye nyumba anasema hakijawahi kumsumbua. Je, maneno hayo yanatosha?

Jibu la tatu

Hayatoshi, kwa kuwa yeye ni muuzaji. Mvua inaweza kunyesha huko juu nanyi mko kwenye jua, kisha maji yakafika ghafla yakiwa na mawe na magogo. Tazameni hasa pale kijito kinapotoka mlimani: ardhi ikiwa imetanuka kama kipepeo cha kupepea moto, imechanganyika na mawe makubwa, jueni kwamba ililetwa na mafuriko ya zamani. Waulizeni wazee maji yaliwahi kufika wapi. Waulizeni pia barabara hufungwa siku ngapi kila msimu mbaya, hasa ikiwa ni moja tu, kwa sababu jibu hilo ndilo litakalowaonyesha akiba ya chakula na dawa mnayopaswa kuweka ndani. Mimi kwanza niliishi huko kwa kupanga nyumba mwaka mzima, na nyumba niliyokuwa nimeipenda mwanzoni sikuinunua.