Mrejesho: Wasifu wa marehemu baba

Wakuu, niliwahi kuomba msaada hapa: nimwandikeje baba, mtumishi wa umma aliyestaafu, bila wasifu kugeuka orodha ya vyeo na vituo vya kazi? Tumeshamzika, na wasifu ulisomwa. Asanteni sana.

Ushauri uliosaidia zaidi ni wa kuwatafuta waliofanya naye kazi kabla ya kushika kalamu. Sisi watoto tulimjua baba wa jioni, yule wa kukagua madaftari na kuuliza nani hajala. Wenzake wakatupa baba wa mchana: aliyekuwa akimsomea barua mwananchi asiyejua kusoma, kisha akamwandikia jibu, na foleni inasubiri. Hilo hatukuwahi kulisikia nyumbani. Nililiweka mwanzoni kabisa, vyeo vikabanwa kwenye aya moja.

Tarehe nilizipata kwenye barua zake za ajira, kuthibitishwa kazini, uhamisho na kustaafu. Aliyesema nianzie kwenye mafaili yake, Mungu akubariki. Ila miaka ya mwanzo haina karatasi, na ofisi yake ya zamani haijajibu mpaka leo. Nikaandika tu "mwanzoni mwa utumishi wake".

Ushauri wa kila mtoto kusema neno haukufaulu. Mdogo wangu alishindwa kuendelea, shangazi akapokea karatasi akamalizia. Kwa hiyo mpangeni msomaji wa akiba mapema, tena asiwe mtoto wa marehemu.

Sauti za wale wazee waliofanya kazi na baba, nilizorekodi walipokuwa wakisimulia, bado ninazo kwenye simu, wajukuu wanazisikiliza.