Samaki wa kupaka aliyetoka chapwa

Mkaazi wa Kibokoni
Assalamu alaikum. Nimepika samaki wa kupaka kwa mapishi mapya niliyoyatumainia sana, kwa kuwa yalitaja thomu, tangawizi, bizari nzima, ukwaju, pilipili mbichi na tui zito. Nilinunua changu mzima, nikapima kila kitu kama kilivyoandikwa, na rangi ilipendeza mno; lakini mchuzi ulikuwa na utamu wa nazi tu, na nyama ya ndani ilikuwa chapwa kabisa. Mapishi yanaagiza viungo vyote vichemshwe ndani ya tui, kisha samaki apakwe na kutiwa kwenye oveni. Nimevunjika moyo kwa kweli, maana changu kwa bei ya siku hizi si samaki wa kujaribia. Ni kipi kilichokosekana?

Mama wa Makadara
Waalaikumu salaam, mwanangu, na pole sana. Kasoro i katika mapishi yenyewe. Bizari nzima hutoa harufu yake inapokutana na mafuta ya moto, pamoja na thomu na tangawizi. Ikimwagwa moja kwa moja kwenye tui, hubaki na ubichi wake. Tena samaki hakutiwa chochote kabla. Mchanje hadi karibu na mwiba, msugue chumvi, thomu na ndimu, umwache kama nusu saa ndipo umchome. Tui lipike kwa moto mdogo huku ukikoroga bila kuacha, lisije likakatika, mpaka lishike mwiko. Ukwaju uje mwishoni, kisha onja chumvi upya, kwa sababu nazi hupunguza makali ya vyote viwili.

Mchomaji wa Majengo
Naafikiana na mama, ila kwangu mimi kubwa zaidi ni makaa. Tui linalodondoka juu ya kaa hutoa moshi unaomrudia samaki, na ndiyo maana hupakwa tena na tena akiwa motoni. Oveni haina moshi huo.

Mkaazi wa Kibokoni
Nawashukuru nyote. Kuchanja hakukutajwa popote. Na sisi tunaoishi ghorofani, tusio na jiko la makaa?

Mama wa Makadara
Mfukize. Washa kipande kimoja cha kaa hadi kiwe chekundu, kiweke kwenye kibakuli cha bati katikati ya sufuria yenye samaki, kidondoshee samli, kisha funika mara moja kwa dakika 5.