Tupeane uzoefu: "Dumb and Dumber" uliiona wapi, na ulikaa na nani?

Hari wa Jang'ombe

Assalaam alaykum wandugu.

Juzi usiku umeme ulikatika kwetu, robo saa tu. Mwanangu akaangua kilio kwa kuwa katuni imemkatikia. Mie nikaangua kicheko, peke yangu, kizani. Mke wangu akauliza, "Una nini weye?" Nikamwambia nimekumbuka gari la mbwa.

Anayejua kashajua. Asiyejua: ni ile filamu ya Kimarekani ya mwaka 1994 ya wajinga wawili, Lloyd na Harry, yaani Jim Carrey na Jeff Daniels. Mmoja dereva wa gari za kukodi, mwengine kazi yake kuosha mbwa, na gari lake kalivisha manyoya, masikio na ulimi mpaka limekuwa mbwa kweli. Mwanamke mmoja anaacha brifkesi uwanja wa ndege. Lloyd anadhani kaisahau, kumbe kaiacha makusudi, ni fedha za kumkombolea mumewe aliyetekwa. Basi wawili hawa wanaivuka nchi, kutoka Providence mpaka Aspen kwenye theluji, kumrudishia mtu kitu ambacho hakukipoteza. Kisa ndio hicho. Hakuna chengine.

Mie niliiona wakati wa kile kiza kikubwa, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja haina umeme miezi mitatu. Mnakumbuka? Friji limekuwa kabati la nguo, pasi za makaa zimerudi mjini. Mtaani kwetu kulikuwa na banda la video, mwenyewe ana jenereta, kiingilio shilingi 200. Jenereta kaliweka ukuta wa nyuma, linanguruma kama meli inayong'oa nanga. Husikii neno. Filamu ya Kiingereza, Kiingereza hatukijui, na hicho tusichokijua pia hatukisikii. Tulicheka mpaka mwenye banda akaingia ndani kuangalia kama kuna ugomvi.

Nilikuwa na mtoto wa ami yangu, leo yuko Muskat. Tangu usiku ule mie namwita Loidi, naye ananiita Hari. Loidi ndiye mjinga zaidi, ndio maana nikampa yeye jina hilo. Mpaka leo akinipigia simu hatusalimiani, anaanza na ile sauti mbaya kuliko zote duniani, ile Lloyd anayompigia yule jambazi sikioni ndani ya gari. Wateja wangu wamezoea.

Haya, mwageni. Uliiona wapi, na nani? Na hao ndugu wawili walioitengeneza, Peter na Bobby Farrelly, kazi zao nyengine mmeziona?

Ukhti wa Mtambile

Kwetu ilikuja kwa kanda, kaka yetu katoka nayo Dubai pamoja na deki. Idd pili, nyumba imejaa, watoto chini, wakubwa kwenye viti, bibi kalazwa mbele kabisa kwa sababu macho yake hayaoni mbali.

Walipofika pale wanapanda ile pikipiki ndogo kama ya mtoto, wamebebana, makamasi yamewaganda usoni, bibi akauliza, "Huyu wa nyuma jina lake nani?" Tukamwambia Harry. Akanyamaza kidogo. "Hari? Na baridi yote ile?"

Hatukuiona filamu tena. Kila tukitaka kutulia mmoja anaripuka. Bibi mwenyewe hakuelewa kwa nini tunacheka, yeye kauliza swali la maana. Mpaka anafariki, kila kipupwe kikiingia akitaka kanga ya pili alisema, "Leo baridi ya Hari."

Pale pa choo, Harry kapewa dawa ya kuharisha na rafiki yake mwenyewe, mama alisimama akasema anakwenda kutazama chungu. Chungu gani, na tumeshakula? Tukamsikia jikoni, kajiziba mdomo kwa kanga, anacheka peke yake.

Mpemba wa Konde

Nyie mnacheka bure. Mie ile filamu ilinigharimu karafuu.

Tulikuwa wawili, mie na kaka yangu. Baba kenda Wete, katuachia majamvi manne ya karafuu uwanjani, ya siku ya pili juani. Neno lake lilikuwa moja: wingu likitanda, kunjeni. Nyumba ya tatu kuna televisheni, na sauti za watu kucheka zinakuja mpaka kwetu. Tukapatana kwa akili kabisa: aende mmoja, mmoja alinde, kisha tubadilishane. Kaka akaenda. Nikasubiri. Hakurudi. Nikaenda kumwita.

Nilipofika mlangoni ndio Lloyd kakamata usukani, mwenzake kalala, na badala ya kwenda mbele anarudi walikotoka, usiku mzima, mpaka Harry anaamka na kushangaa mbona Aspen haina milima. Nikasema nione hapa tu. Nikakaa.

Sasa sikilizeni. Tulisikia bati linapigwa. Wallahi tulisikia. Mtu mmoja akasema, "Sauti haisikiki, ongezeni." Tukaongeza.

Karafuu ikishaanza kukauka kisha ikalowa haiwi tena ile, inaharibika rangi na daraja lake linashuka. Baba karudi kakuta majamvi yanaelea. Tulingoja fimbo. Hakuchukua fimbo. Alikaa barazani akauliza, "Nani alikwenda kumwita mwenzake?" Nikasema mimi. "Na ukakaa?" Kimya. Akasema, "Laiti mngekuwa na akili ya mtu mmoja baina yenu, ingetosha."

Ile pesa tulimlipa kwa kuchuma karafuu za jirani msimu mzima. Filamu nikaja kuimaliza miaka sita baadae.

Hari wa Jang'ombe

"Sauti haisikiki, ongezeni"! Yakhe, weye ndio ungefaa kupewa hilo gari la mbwa.

Mzee wa Malindi

Vijana, mie nimekulia Majestic na Cine Afrique. Tulikuwa tunavaa ndio tunakwenda sinema. Tulicheka pia, lakini kichekesho kilikuwa na adabu. Hii filamu yenu mjukuu wangu aliniwekea. Nikavumilia choo, nikavumilia makamasi, nikavumilia yule askari kunywa mkojo kwenye chupa ya bia. Lakini lile la ndege nikazima mwenyewe. Kasuku mdogo kakatika kichwa, kinabandikwa kwa selotepu, anauziwa mtoto kipofu. Mtoto anampapasa anasema ndege mzuri. Hapo mnacheka nini?

Deki na Kanda

Shikamoo mzee. Mie nilikuwa nakodisha kanda, kisha CD, kisha flashi, mpaka simu zikaniua. Nakubali, pale nami hucheka huku najitazama.

Ila hawa Farrelly mie nawajua kwa wateja wangu. Kuna bwana mmoja aliipenda hii filamu mpaka kanda ikalika. Akaniambia, "Nipe nyengine ya hawa hawa." Nikampa ile ya bolingi ya 1996, *Kingpin*, akaja anacheka. Nikampa *There's Something About Mary* ya 1998, nikamwambia kabisa: hii angalia na rafiki yako, usiangalie na watu wa heshima. Hakusikia. Kakaa nayo sebuleni, mama mkwe kaja kusalimia. Walioiona wanajua pale pa zipu. Aliirudisha siku hiyo hiyo usiku, kaivisha mfuko mweusi kama mtu anayerudisha bangi.

Miaka ikapita, Peter peke yake akatengeneza *Green Book*, ya mpiga piano mweusi na dereva wake Mmarekani mwenye asili ya Italia, na 2019 ikachukua Oscar ya filamu bora. Yule bwana nikamtumia kwa simu, nikamwambia huyu ndiye yule wako wa gari la mbwa, sasa kapata tuzo kubwa kuliko zote. Kesho yake akanipigia kwa hasira: "Nimengoja saa mbili, hakuna hata aliyeharisha!"

Mie nilimwambia atazame vizuri. Ni watu wawili ndani ya gari, hawafanani, safari ndefu, wanagombana, wanapatana. Mtu yule yule na safari yake ile ile. Akasema gari halina manyoya.

Dada wa Kwahani

Mzee wa Malindi, nataka nikujibu kuhusu lile la ndege, lakini si kwa ubishi.

Mdogo wangu ana ulemavu wa akili. Ana miaka ishirini na tisa, mie ndiye niliyebaki naye tangu mama aondoke. Filamu ya kuchekesha ndio starehe yake, hasa za King Majuto, akimwona tu marehemu anatembea huku kajifunga shuka, basi. Hii ya Loidi na Hari tuliiangalia wote wawili. Choo alicheka, pilipili alicheka. Palipofika pa ndege hakucheka. Aliniuliza, "Sasa nani atamwambia yule mtoto?"

Sikuwa na jibu. Nikasimamisha filamu tukala kwanza.

Baadae ndio nikasoma kuhusu hawa ndugu, kwamba miaka yote wamekuwa wakiwaweka watu wenye ulemavu kwenye filamu zao, na si kwa kuonewa huruma tu. Mwaka 2023 Bobby, yule mdogo, katengeneza *Champions*. Ni hadithi iliyochukuliwa kutoka filamu ya Kihispania, kocha wa mpira wa kikapu kafanya kosa, hakimu kamhukumu akafundishe timu ya watu wenye ulemavu wa akili. Na wanaocheza kwenye timu ndio wenyewe, si waigizaji wanaojikunja midomo kuigiza ulemavu. Nikamwekea mdogo wangu.

Dakika kumi za mwanzo hakusema kitu. Kisha akaninyooshea kidole mmoja wao. "Huyu kama mie." Nikasema ndio. "Na anatukana?" Ndio, anatukana. Alifurahi hivyo sijapata kuona. Siku zote mtu kama yeye kwenye filamu zetu ni wa kupigwa, au wa kuombewa dua, au ni mtu mwenye akili zake anayejifanya taahira watu wacheke. Huyu anatukana, anataka mchumba, na anamwambia kocha kakosea.

Mwisho wa ile filamu fainali wanafungwa. Wanashangilia vile vile, wanarukaruka kama wamechukua kombe. Mie nikadhani atahuzunika. Alisimama juu ya kitanda akapiga makofi, "Wa pili! Wa pili!" Majirani walidhani timu ya taifa imeshinda.

Kwa hiyo mzee, lile la ndege mie nalo sicheki. Ila siwezi kusema waliolitengeneza hawana moyo.

Mzee wa Malindi

Nimekusoma, mwanangu. Huyo mdogo wako anajua kutazama filamu kuliko sisi wote humu. Hiyo ya mpira wa kikapu mjukuu wangu ataitafuta leo. Ya wajinga siirudii.

Duka la Kona, Mpendae

Nyote mmesahau palipo patamu kuliko pote. Brifkesi ile ilijaa dola. Wale wameishi hoteli kubwa, wamenunua suti, moja rangi ya chungwa moja ya bluu ya kupauka, wamenunua Lamborghini. Majambazi wanaifungua, ndani karatasi. Kila walichotumia wamekiandika kuwa ni deni, watalipa mpaka senti ya mwisho. Na wanasema kwa nia safi! Lloyd anawaonesha ile ya gari, anawaambia hiyo waiweke vizuri.

Mimi muuza duka. Kwangu hiyo si komedi.

Nina daftari la mikopo lina kurasa za watu walioniambia "mwisho wa mwezi" bila kusema wa mwaka gani. Nilikosea nikaiweka hii filamu dukani, watu wakaiona. Wiki ile ile kijana mmoja kachukua unga, mafuta na sukari, kisha badala ya fedha kanikabidhi kipande cha boksi la sigara kaandika deni lake: "Mchele kilo tano naurudia kesho. Hii usiitupe." Nikamfukuza huku nacheka. Alilipa, lakini. Kile kipande bado nimekibandika ukutani, juu ya bei ya sabuni.

Mhudumu wa Nungwi

Fupi tu. Mgeni mmoja alikuja hotelini, nikamuuliza anatoka wapi, akasema Rhode Island, nyinyi huku hamuijui, ni kijijimbo kidogo. Nikamwambia naijua, Providence, kwa Lloyd na Harry. Mzee wa watu kasimama na begi lake mkononi haamini. Akaniambia hao Farrelly wamekulia huko huko, mji unaitwa Cumberland. Wiki nzima akipita ananipigia ile sauti mbaya. Wageni wengine wakidhani anaumwa.

Ukhti wa Mtambile

Jino je? Lile jino la Lloyd lililovunjika ni lake Jim Carrey mwenyewe, alivunjika zamani, kwa filamu hii akatoa tu kile kifuniko. Kaka yangu aliposikia, naye ana pengo, akaacha kuziba mdomo akicheka. Bibi angekuwepo angesema jambo.

Loidi, Muskat

Nimetumiwa hii na watu watatu tofauti. Assalaam alaykum jamaa wote.

Kwanza, mie ndiye Hari. Weye ndiye Loidi. Nani aliingia bandani akakaa nyuma ya nguzo filamu nzima halafu akalalamika kuwa Jim Carrey haonekani?

Pili, kwenye hadithi yako umesema kiingilio shilingi 200, ukapita haraka. Hukusema nani alilipa. Nililipa mie, zako na zangu, ukasema utanipa tukifika nyumbani. Mpaka leo sijaona.

Hari wa Jang'ombe

Nimekuandikia karatasi. Iweke vizuri.