MREJESHO: Babu yetu wa bahari, tumemkumbukia Matema

Habari zenu wakuu. Mwezi jana niliwauliza tumkumbukeje babu anapotimiza mwaka tangu atutoke: mzee wa Kilwa Kivinje, aliyekuja Mbeya miaka ya 70 kwa ujenzi wa reli ya TAZARA, akaoa Mnyakyusa na hakuhamia tena pwani. Wengine nyumbani walitaka twende Kilwa, wengine wakasema nauli ya watu kumi na tisa si mchezo.

Mmoja wenu alitaja Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Nilicheka, ziwa na bahari wapi na wapi? Ila ndiko tulikoenda. Kisomo tulishamaliza nyumbani Ijumaa. Jumamosi tukakodi Kosta, tukapita Tukuyu kwenye chai na migomba, na tulipofika Kyela masweta yote yalikuwa yameshavuliwa. Ziwa Nyasa lilikuwa na mawimbi siku ile, Milima ya Livingstone imesimama pembeni. Mjomba alisema atapika samaki mbasa wa nazi kama babu. Nazi zenyewe akazisahau Uyole. Lawama bado zinaendelea.

Bibi ndiye aliyetuweza. Alikunja kanga, akaingia hadi magotini, akachovya kidole, akalamba.

"Hayana chumvi," akasema. Akalamba tena. "Angenuna. Halafu angeoga mpaka jioni."

Tukacheka, kisha mama mdogo akaanza kulia, basi tukaachana na picha.

Kilwa bado ipo. Tumeanza kuchanga elfu kumi kila mwezi na mhazina ni mimi, niombeeni.