Waandishi wa vichwa vya habari, acheni kuliharibu neno BUTWAA!

Wakuu, hili limezidi sasa. Kichwa cha habari kinasema "Wananchi wapigwa butwaa", ukifungua unakuta wananchi wenyewe wanakimbia, wanapiga mayowe, wanachoma matairi. Butwaa iko wapi hapo?

Butwaa ni mshangao unaomgandisha mtu. Mdomo wazi, macho yamemtoka, mguu hauendi, neno halitoki. Akianza kupiga kelele, butwaa imeshamwachia, amezinduka. Kwa hiyo "alipigwa na butwaa huku akipiga yowe" ni upuuzi mtupu. Andika: "Alipigwa na butwaa. Alipozinduka ndipo akapiga yowe." Watu wanaohangaika huku na huku wana neno lao, TAHARUKI, lililotoka kwenye Kiarabu taharraka, yaani kusogea, kwenda. Mnachukua neno la kuganda mnambandika mtu anayetimua mbio!

Na aliyekuta nyanya zimepanda bei ameshangaa tu, basi. Butwaa mkiimalizia kwenye nyanya, siku ghorofa likiporomoka mtaandika nini?

Sarufi nayo ni balaa. Butwaa ni nomino, na ndiyo inayompiga mtu, kwa hiyo ile NA haiondoki: kupigwa na butwaa, kama vile kupigwa na radi au kupigwa na jua. Kushikwa na butwaa ni sawa pia. Kisingizio cha nafasi ndogo kwenye kichwa cha habari sikikubali, NA ni herufi mbili! (Bumbuwazi inakaribiana mno na butwaa, hapo sina ugomvi na mtu, ila nayo inadai NA yake.)

Tahajia je? Ni a mbili mwishoni: bu-twa-a, mkazo uko kwenye "twa". Ukiandika "butwa" mkazo unarukia "bu" na neno limekufa. Kwenye kuduwaa ndiyo hatari zaidi, maana wapo wanaoandika "alibaki amedua". Dua ni maombi kwa Mungu! Andika "ameduwaa" au "alibaki kaduwaa".

Wahariri mnaopita humu, kabla ya kuchapa angalieni kitenzi kinachofuata. Kama mtu huyo anatembea, anacheka au anajibu maswali ya mwandishi, futeni butwaa.