Naomba ushauri: tunawatembelea marafiki waliohamia nyumba mpya, tunaenda kwa gari polepole

Mwenda_Taratibu
Habari zenu wanajamvi.

Mimi na mke wangu tuna marafiki wa miaka mingi waliohamia mbali hivi karibuni. Ni nyumba yao wenyewe ya kwanza, na wanatusubiri kwa hamu. Tukikaza mwendo tunafika siku hiyo hiyo, lakini tumeamua safari yenyewe iwe mapumziko: tunaendesha kidogo, tunasimama panapotupendeza, usiku tunalala njiani. Nyuma kuna watoto wawili, na mdogo hutapika garini.

Shida ni hii. Hatutaki kufungwa na saa, ndiyo raha ya safari hii. Wenyeji nao wameanza kuuliza mnafika lini, saa ngapi. Mke wangu anasema tuwajibu "tukifika tumefika". Moyoni naona si sawa, ila sijui nimwelezeje. Hatujaelewana pia kuhusu zawadi, wala kama tulale kwao au tutafute chumba karibu, maana bado wana maboksi hawajafungua. Mnatushauri nini?

Binti_Baraza
Mkuu, shemeji asilaumiwe, raha ya njiani ni haki yenu. Lakini mwisho wa hiyo njia kuna mtu anafua mashuka, pengine ameomba ruhusa kazini. Asipojua mnafika lini hawezi hata kutoka nyumbani.

Wapeni siku na nusu ya siku: "Ijumaa, kuanzia saa tisa mpaka jioni." Hapo hamjafungwa na dakika. Asubuhi ya siku ya mwisho wapigieni kabla ya kuwasha gari. Na kama mnataka siku ya kuzurura tu, iwekeni mwanzoni mwa safari. Mkichelewa huku mwanzoni mna nafasi ya kufidia, mkichelewa mwishoni mnakula muda wa watu wengine.

Dereva_Mkongwe
Mimi niseme ya barabarani tu. Safari ya polepole ina hatari yake: watu hulegea, wanaondoka wamechelewa, halafu usiku unawakuta bado wako njiani. Kila baada ya saa mbili simama robo saa, shuka, tembea. Jihadhari na saa nane mpaka saa kumi mchana, mwili wenyewe hupungua nguvu muda huo hata kama ulilala vizuri. Ukianza kusinzia, kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio havisaidii. Egesha mahali salama, kunywa kahawa, lala dakika 15 hadi 20; kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo utaamka nayo. Kuna utafiti wa mwaka 1997 ulioonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na umakini kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Ukiamka saa kumi alfajiri kupakia mizigo, saa tatu usiku uko hapo.

Upepo wa tairi pima kabla gari halijatembea, tairi ikipata moto kipimo kinadanganya. Magari mengi yana kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Angalia kama kina kipimo cha gari lililojaa watu na mizigo, maana huwa ni kikubwa zaidi. Usisahau tairi ya akiba.

Tumehamia_Juzi
Mimi niko upande wa hao wenyeji wako, ndiyo kwanza tumehamia na tumeshapokea wageni. Naomba unisikilize kwa makini.

Waulize wazi kuhusu kulala, usikisie. Sisi tulitamani sana wageni walale kwetu, lakini chumba cha wageni kilikuwa kimejaa maboksi na tuliona aibu kusema. Rafiki yetu aliuliza hivi: "Usiku wa kwanza tulale kwenu au mnapenda tuje asubuhi tukiwa tumepumzika?" Swali la namna hiyo linampa mtu njia ya kusema ukweli. Mkilala kwao, njooni na mashuka na taulo zenu.

Zawadi msinunue pambo kubwa la ukutani wala kitu cha sebuleni. Nyumba mpya ina picha yake kichwani mwa mwenyewe, na atalazimika kulitundika kwa ajili yenu. Fikeni kwanza, mtaona kinachopungua. Aliyetufaa kuliko wote ni yule aliyekuja na kisanduku cha spana na bisibisi, akashinda nasi tukifunga fimbo za mapazia. Ile mchana tuliongea kuliko tulivyoongea kwa simu tangu tuhame.

Na jamani, msiulize nyumba imegharimu kiasi gani mbele za watu. Subirini wawatembeze vyumbani wenyewe.

Kaka_Ramani
Waombe lokesheni waitume wakiwa wamesimama getini. Nyumba mpya mara nyingi ramani ya simu haizijui, inakupeleka nyuma ya ukuta. Pakua ramani ya njia nzima kabla ya kuondoka, mtandao utakatika tu mahali.

Mama_Pacha
Huyo mdogo akae anapoweza kuona mbele, kwenye kiti chake cha watoto kama kawaida. Simu na vitabu vya picha viwekwe mbali, macho yatazame mbali nje. Apate hewa safi, na asisafiri na njaa wala tumbo lililojaa pomoni. Dawa za kichefuchefu hutangulia safari, si katikati ya matapishi, na muulize mfamasia kwanza kuhusu umri wake. Nyingine zinaleta usingizi.

Mwenda_Taratibu
Asanteni sana, nimemsomea mke wangu zote. La Binti_Baraza amelikubali papo hapo, kwamba siku ya kuzurura iwe mwanzoni. Ameshawaandikia: Ijumaa baada ya saa tisa, na akauliza kuhusu kulala kama alivyosema Tumehamia_Juzi. Wamejibu haraka mno, wanaomba usiku wa kwanza tulale kwingine, kitanda cha wageni bado hakijafungwa. Kisanduku cha spana kinaingia kwenye buti. Tairi napima kesho alfajiri.