Dalali kanizungusha nyumba saba hapa Kigoma, sasa nataka kumruka. Naombeni ushauri

Kibirizi Junior (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Nina siku ya tatu silali vizuri.

Natafuta nyumba ya kununua Kigoma mjini, bajeti haizidi milioni 40. Nikapata dalali, kijana wa Mwanga, tukakubaliana kwa mdomo: kila akinionesha nyumba nampa elfu 10 ya mafuta ya pikipiki, siku nikinunua nampa milioni moja na nusu. Kanizungusha Katubuka, Mlole, Buzebazeba mpaka Ujiji. Ya saba, ipo Gungu, ndiyo imenikaa moyoni: vyumba vitatu, kisima ndani ya uzio, mwembe mkubwa. Mwenyewe anataka 36, ila kaninong'oneza kuwa tukimalizana bila dalali anashuka hadi 33.

Swali langu ni moja tu: nikimruka dalali, anaweza kunishtaki? Hatukuandikishana kitu.

Migebuka Mikavu
Elfu 10 mara saba ni elfu 70. Hiyo ni mboga ya mwezi mzima, unakula umetulia kwenye chumba chako cha kupanga.

Mzee wa Stesheni
Mruke. Mwaka 1997 nilinunua Tabora, pale Cheyo. Dalali wangu alikula pande mbili: kwangu kachukua ada, kwa muuzaji kaweka cha juu laki nne. Nimekuja kujua miaka baadaye, msibani. Muuzaji ananitania kuwa nyumba yake niliichukua kwa bei ya kutupa, nikamtajia niliyotoa, akaweka sahani ya ubwabwa chini. Hakuimaliza.

Ohio Kwetu Kasulu
Huku Marekani ya mdomo yamekwisha. Tangu Agosti 2024, wakala wa mnunuzi kabla hajakupeleka kuona nyumba mnasaini kwanza mkataba, na ada yake imeandikwa humo. Mimi nilisainia juu ya boneti ya gari lake, manyunyu yanadondoka. Zamani ada ile kwa kawaida ilipitia kwa muuzaji, mnunuzi hata hujui umelipa nini. Mlipe kijana wa watu.

Migebuka Mikavu
Mkuu wa Ohio, boneti hatujaiuliza.

Wakili wa Kijiweni
Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, sheria yetu ya mikataba inayatambua. Ugumu ni kuthibitisha, na wewe umeshathibitisha hapa mbele ya watu. Lakini hilo liweke kando. Umeshatoa hela?

Kibirizi Junior
Kidogo tu.

Wakili wa Kijiweni
Kidogo ni ngapi?

Kibirizi Junior
Milioni 4, kishika uchumba, maana kuna mteja mwingine alikuwa anakuja kutoka Kasulu. Msinione mjinga, tuliandikishana: karatasi ya daftari, mashahidi mdogo wake na jirani.

Bi Mkubwa wa Ujiji
Huyo mteja wa Kasulu kila nyumba anakuja yeye, na hafiki. Haya baba, mkeo anasemaje? Nyumba hainunuliwi kama shati.

Kibirizi Junior
Shikamoo bi mkubwa. Mke yuko masomoni Dodoma, hajui. Nataka akirudi nimkabidhi funguo.

Wakili wa Kijiweni
Hati ina jina la nani?

Kibirizi Junior
Hati ipo, nimeishika kwa mkono wangu. Ni ya marehemu baba yao. Ila huyu ndiye mtoto mkubwa na ndiye anayeishi pale. Wenzake wako Dar, hawana shida.

Wakili wa Kijiweni
Ukubwa wa kuzaliwa si usimamizi wa mirathi. Kama mahakama haijamteua msimamizi, hakuna wa kukusainia uhamisho, na ofisi ya ardhi itakurudisha mlangoni.

Mzee wa Stesheni
Ukuta wa barabarani una rangi mpya?

Kibirizi Junior
Mzee umejuaje? Huo mmoja tu, krimu. Jua la asubuhi likiupiga unaona herufi kwa chini: HAIUZ, zilizobaki wamezifunika vizuri. Nilimuuliza, akasema waliandika wenyewe kuzuia matapeli, na kweli watu wengi huandika hivyo. Hata siku nilipowapeleka mama mkwe na shemeji hakuna aliyeshtuka, walikuwa wanashangaa kisima.

Kipimajoto
Simameni hapo hapo. Mke hajui, ila mama mkwe kapelekwa? Mama mkwe gani aone nyumba yenye kisima asimpigie bintiye kabla hajafika barabarani? Hii ni chai, na sukari imezidi. Huyu ndiye dalali mwenyewe, anapima upepo kama ataruka au atarukwa.

Migebuka Mikavu
Nimeshawahi kiti. Leteni vitumbua.

Mzee wa Stesheni
Na kwenye hadithi nyumba huwa ni ya saba.

Kibirizi Junior
Jamani si chai. Mama mkwe anajua kwa sababu milioni mbili na nusu kati ya zile nne ni zake, za dagaa. Nilimwomba asimwambie.

Bi Mkubwa wa Ujiji
Ya Allah.

Wakili wa Kijiweni
Chai au si chai, mimi najibu kama kweli. Dalali wako alisemaje kuhusu hiyo mirathi?

Wakili wa Kijiweni
Mleta mada?

Kibirizi Junior
Alisema tuiache. Tulipotoka tu, tuko juu ya pikipiki, akaniambia kaka hii ina ndugu wengi, twende kesho nikuoneshe nyingine Mlole. Mimi nikajua huko ndiko kwenye cha juu chake. Siku hiyo hata elfu 10 aliikataa.

Migebuka Mikavu
Kwa hiyo ni elfu 60, si 70. Nilikosea hesabu.

Kipimajoto
Bado nasema chai. Ila nimeweka kikombe chini.

Wakili wa Kijiweni
Usiongeze hata mia. Asubuhi anza serikali ya mtaa, halafu Mahakama ya Mwanzo uulize faili la mirathi ya huyo mzee, kisha ardhi uombe upekuzi wa hati. Na hiyo karatasi ya daftari itoe kopi leo leo.

Bi Mkubwa wa Ujiji
Kabla ya hayo yote mpigie yule kijana wa pikipiki.

Kibirizi Junior
Nimempigia mara tatu tangu magharibi, bi mkubwa. Inaita tu.